Chombo Kinachoingia Baada ya Baba

Kijana mmoja wa Nairobi, ambaye kazi yake ni kutafuta santuri ambazo hakuna aliyezitafuta zilipokuwa mpya, alinitumia ujumbe kwenye simu. Alikuwa ameipata moja kwa mama mmoja pale Kondele, Kisumu, ikiwa imefanywa kifuniko cha mtungi wa maji. Aliiosha, akaipiga, akaipenda, kisha akaanza kuuliza watu mpaka mmoja akamwelekeza kwa yule mwalimu wa chuo anayependa kuandika magazetini, yaani mimi.

"Madam, shikamoo," aliandika. "Huyu mama anaimba ni nani? Na hicho chombo kinaingia mzee akimaliza kujisifu, hicho cha kugonga kama bati, kinaitwaje? Ni kali sana. Watu wa ng'ambo wananisumbua nacho."

Nilikuwa ofisini nikisahihisha kazi za wanafunzi, au tuseme nikizitazama. Nikaufungua wimbo ule na kuisogeza simu sikioni. Fidla zikaingia, nyembamba na zenye hofu, na papo hapo nikanusa sabuni ya mche. Nadhani mimi ndiye mtu pekee duniani anayesikia fidla na kunusa sabuni ya kufulia, na sababu yake si ya kujivunia. Nitaifikia.

Chombo alichokuwa anakiuliza nilikijua. Nilikuwa nimesimama karibu nacho kuliko mtu yeyote.

Tulikaa Milimani ya Kisumu, kwenye nyumba ya kiofisa yenye ua mkubwa, ukuta, geti, na mlinzi wa geti aliyeitwa Wafula, mtu wa Bungoma ambaye aliamini kuwa amri ikishatolewa haina haja ya kufikiriwa tena. Baba alikuwa mkubwa katika idara ya maji. Mama alizaliwa Luanda Kotieno, pale feri ya Mbita inapotia nanga, na kabla ya kuolewa alikuwa mwimbaji wa bendi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Ndiko Baba alikomwonea.

Wasomaji wasiotoka kwetu inabidi niwaeleze jambo moja. Kwetu, mtu akiguswa na muziki hakai akausikiliza kimya. Anainuka, anawatunza wanamuziki, anainua mkono juu. Bendi ikiuona mkono ule inashusha sauti, inabaki ikizunguka palepale kama gari lililowashwa bila kwenda, na yule mtu anashika kipaza sauti na kujisifu: jina lake, kwao, marafiki zake, mpenzi wake, ng'ombe wake. Akitosheka, wimbo unaendelea ulipoachwa. Kwa Kijaluo tunaita pakruok. Hakuna anayeona kuwa amekatizwa. Mwimbaji asiyesimamishwa ndiye anayerudi nyumbani na huzuni.

Baba alimtongoza Mama kwa njia hiyo. Aliupenda wimbo wake, akausimamisha. Alipoupenda zaidi akausimamisha zaidi, mpaka, kwa mujibu wa hadithi aliyopenda kuwasimulia wageni, usiku mmoja Mama aliimba ubeti mmoja tu na uliobaki wote ulikuwa wa kumsifu yeye. Wageni walicheka. Mama naye alicheka, akaenda kuangalia chai.

Baada ya ndoa aliacha kuimba. Hakukatazwa. Baba hakuwahi kumkataza mtu kitu. Alikuwa na kipaji cha kukuletea ulipo kile ulichotaka kukifuata. Mama akisema anakwenda ziwani kununua samaki, jioni samaki walikuwa ndani ya buti ya gari. Akitaka kwenda kwa fundi cherehani, fundi alikuja na cherehani yake. Msusi alikuja. Hata kikao cha akina mama wa kanisa kilihamia sebuleni kwetu, kwa kuwa viti vyetu vilikuwa laini. Nikiwa mtoto niliona kuwa sisi ni watu wa bahati sana, kwa maana dunia nzima ilikuwa inakuja kwetu kwa zamu, na kazi ya Mama ilikuwa kuipokea tu.

Mwalimu Zadock naye alikuja. Alikuwa mwalimu wa muziki shuleni kwetu, mtu wa Maragoli, mrefu, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata jua la Kisumu lilipokuwa linayeyusha lami. Alikuwa ameanzisha kikundi cha fidla kwa vyombo vilivyoachwa na wamisionari, na mimi nilikuwa ndani ya kikundi hicho kwa sababu Baba alitaka. Siku aliyofika nyumbani alikuja, nilivyojua baadaye, kuwaomba wazazi wangu kwa heshima waniondoe. Lakini akiwa kwenye kochi, kabla hajafungua mdomo, alimsikia Mama akiimba jikoni. Akasahau kilichomleta. Ndivyo nilivyobaki katika fani ya muziki.

Mwalimu alikuwa na wimbo, na siku hiyo akampa Mama auimbe. Alikuwa ameuandika kwa Kiswahili ili redio ya taifa isipate kisingizio cha kuukataa, na aliutaka uwe na okestra kamili: fidla, tarumbeta ya askari magereza mmoja mstaafu, kinanda cha kanisa, gitaa na besi. Kwetu watu walikuwa wanarekodi magitaa yanayokimbizana. Wimbo wa kutembea polepole na fidla nyuma yake, hakuna aliyekuwa ameuomba. Kiitikio chake nilikijua siku hiyohiyo, kwani Mama alikuwa akikiimba hata akisuka mkeka: "Nifungulie mlango, mikono yangu imejaa, nifungulie mpenzi, maji yasije yakamwagika." Nilielewa kuwa ni wimbo wa mama aliyetoka kuteka maji. Nilishangaa tu kwa nini hakuweka ndoo chini.

Mama aliomba waende kurekodi Nairobi. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akiomba kitu mezani mbele yetu. Baba alimaliza kutoa miba kwenye samaki wake, akasema hakuna taabu, wimbo utarekodiwa. Redio ikiupiga, atakwenda popote waimbaji wanapokwenda, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, na yeye Baba atambebea sanduku. Redio isipoupiga, basi neno la kuimba lisirudi tena mezani. Lakini kwenda Nairobi kwa nini? Fundi wa kurekodi ataletwa hapa.

Mama alifikiri kidogo. "Sawa, Baba Akinyi," alisema. Akinyi ni mimi. "Lakini humo ndani usinisifu. Siku hiyo, ukinipenda, nipende ukiwa umenyamaza."

Baba alicheka mpaka akakohoa, akaapa kwa jina la mama yake.

Wimbo ukarekodiwa kwenye gereji yetu. Gari lilitolewa nje, kuta zikatundikwa magodoro yote ya nyumba na mengine ya kuazima, dirisha likafungwa kwa mablanketi. Mlango ulikuwa wa bati zito, wenye komeo upande wa nje. Fundi aliyetoka Nairobi na kinasa sauti chake alilalamika kuwa kila wakijaribu, mtu anafungua: muuza mboga, mbwa, shangazi anayetaka kusalimia. Baba akatatua kwa njia yake. Alimpa Wafula kufuli, akamwambia afunge kwa nje na asifungue, hata Rais akija, mpaka asikie muziki umekwisha.

Sijui kama umewahi kufungiwa kwenye gereji saa nane ya mchana, Kisumu, na magodoro pande zote. Hewa ilikuwa kama kupumua ndani ya soksi. Ilinuka petroli ya zamani, jasho, na ule utomvu mkavu ambao wapiga fidla hupaka upinde ili ushike nyuzi. Pinde za wenzangu zote zilipakwa utomvu. Upinde wangu Mwalimu alikuwa amenichukulia asubuhi, akaupaka kitu kutoka kwenye kitambaa, akanirudishia akisema huo ni wa pekee. Ulinuka sabuni ya mche. Niliona fahari isiyo kifani. Nilikuwa chuo kikuu tayari, nikijigamba bwenini kuwa nimewahi kurekodi santuri, ndipo mwanafunzi wa muziki aliponieleza kuwa upinde uliopakwa sabuni hautoi sauti yoyote. Unateleza tu. Kwa hiyo katika santuri hiyo ninacheza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa bidii, na sisikiki.

Mwalimu alitupanga sisi wa fidla mlangoni, kwa kuwa ndipo penye nafasi, na mimi nikawa wa mwisho, bega langu likigusa bati. Alituambia neno moja: mkono wake ukiwa juu, tupige, tusiache kwa lolote mpaka aushushe. Utepe uliobaki ulikuwa wa wimbo mmoja tu, mwingine ulikuwa umeliwa na majaribio na mbwa.

Mama aliingia na gauni la bluu ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Alivua viatu. Alipoanza kuimba, yule askari magereza mstaafu alisahau kupumua na nusura asiingie kwa wakati wake. Sikuwa najua kuwa mama yangu ana sauti ya ukubwa ule. Nyumbani ilikuwa ikikaa imekunjwa, kama kitambaa cha meza cha wageni.

Aliimba ubeti wa kwanza. Akaimba kiitikio. Akaingia ubeti wa pili, na Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kinanda, macho yamemlowa, akainuka.

Nataka nimtendee haki. Hakuwa amepanga. Niliuona uso wake: ulikuwa uso wa mtu aliyependa kitu mpaka hana pa kukiweka. Alijua njia moja tu. Mkono wake ukaenda juu.

Na bendi ikashuka. Hao walikuwa watu wa mahoteli. Mkono ukiinuka miaka yote ile vidole vyao vinajua. Gitaa likapungua, besi ikaanza kuzunguka palepale. Mwalimu Zadock mkono wake ulikuwa juu, hakujua aushushe au auache, kwa hiyo ukabaki juu, nasi watoto tukaendelea na noti zetu mbili, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Utepe ulikuwa unazunguka. Baba akakiinamia kipaza sauti, karibu ampige Mama kikumbo, akasema kwa Kijaluo maneno ambayo baadaye nilikuja kuyajua kama sala:

"Simameni hapo kidogo. Ni mimi, mwana wa Seme. Kombewa wananijua, na asiyenijua amenywa maji yangu. Huyu mnayemsikia ni mke wangu. Nilimtoa ziwani nikamweka Milimani, hata mbu hawamjui. Na muone binti yangu Akinyi pale, anapiga fidla. Kisumu hii, nani mwingine ana mke kama huyu na binti anayepiga fidla?"

Nilisikia jina langu na upinde wangu wa sabuni ukapata nguvu mpya. Kwangu mimi hapo ndipo wimbo ulipofikia kilele.

Mama alisogea nyuma, taratibu, bila viatu. Alipita kati ya fidla, akaja mpaka nilipo mimi. Hakunitazama. Aliweka kiganja kwenye mlango, akausukuma. Haukwenda. Akausukuma tena, kisha akaanza kuugonga kwa ngumi. Bati lile lilikuwa linanguruma mpaka meno yangu yakahisi. Fundi aligeuka na macho makubwa, lakini hakusimamisha utepe. Nje Wafula hakufungua. Alipoulizwa baadaye alijibu bila kuona haya kwamba muziki ulikuwa unaendelea, na yeye aliambiwa mpaka muziki uishe. Ni kweli, ulikuwa unaendelea. Sisi ndio tuliokuwa tunauendeleza.

Mimi sikuona ajabu yoyote. Wimbo unasema nifungulie mlango, Mama anagonga mlango; niliona ni mpango wa Mwalimu, na kwamba wakubwa hawakutuambia ili tusiharibu. Kilichonithibitishia ni kwamba aligonga ndani ya mapigo. Kila ngumi ilitua pale ngoma ingetua kama tungekuwa na ngoma. Leo najua kwamba mtu aliyeimba tangu utotoni hawezi kufanya kitu nje ya mapigo hata akitaka kutoroka. Ndiyo maana watu wa ng'ambo wanauliza ni chombo gani.

Kisha akaacha. Alisimama akiwa amelielekea bati, paji la uso karibu liliguse, nami nikaliona shavu lake likiwa limelowa, nikadhani ni joto. Akageuka, akarudi kwenye kipaza sauti, Baba akampisha huku akipiga makofi bila sauti, na akaumalizia ule wimbo. Jinsi alivyoumalizia sikusikia. Nilikuwa natazama mkono wa Mwalimu, na nilikuwa bado nalisikiliza jina langu.

Redio ya taifa iliurudisha: wimbo wa Kiswahili, sawa, lakini yule bwana anayehutubia kwa lugha ya kwao ni nani? Idhaa ya Kijaluo nayo ikasema wimbo ni wa Kiswahili, na fidla zile zinaleta matanga nyumbani kwa watu. Ukaanguka katikati, pasipo na mtu. Maboksi ya santuri yalirudi kwenye gereji ileile, gari likaegeshwa mbele yake, na Baba akawa anazigawa harusini. Neno la kuimba halikurudi mezani. Mama aliliheshimu lile patano kuliko Baba alivyoliheshimu lake. Kanisani aliimba, lakini sauti ya chini, ile iliyokunjwa.

Baba hakuelewa kamwe kuwa aliharibu kitu. Aliipenda santuri ile kwa dhati. Mgeni akija aliitoa kwenye gamba lake, akaifuta kwa mkono wa shati, akaweka sindano, si mwanzoni bali pale anapoanza yeye, na kuiinua mara tu anapomaliza. Mama alikuwa akileta vikombe. Aliipiga sehemu hiyo mara nyingi hivi kwamba mistari yake ikalika, na ikafika siku sindano ikawa haivuki. Ilifika kwenye "mke wangu" ikaruka nyuma: mke wangu, mke wangu, mke wangu, mpaka mtu ainuke aiondoe. Mimi na ndugu zangu tuliona ni kichekesho kikubwa. Tulikuwa tunaiweka makusudi tukicheza kwa kuruka na kurudi. Mama aliketi chumba cha pili akishona, na mlango ulikuwa wazi.

Kwa hiyo nyumbani kwetu wimbo ule haukuwa na mwisho. Kwa miaka zaidi ya arobaini niliamini kuwa naujua wote, kumbe nilijua mpaka pale sindano ilipokwama. Siku ile ofisini, simu sikioni, Baba alisema "mke wangu" nami nikajiandaa kwa mruko. Haukuja. Akaendelea mpaka kwenye jina langu. Mlango ukagongwa. Kikapita kimya kidogo, fidla tu, noti zetu mbili za watoto waliofungiwa. Halafu sauti ya Mama ikarudi, na maneno hayakuwa ya Mwalimu Zadock:

"Usinifungulie tena, mikono yangu i mitupu, usinifungulie mpenzi, maji nimeyamwaga."

Niliusikiliza mara nyingi. Mwanafunzi alibisha hodi ofisini, nikanyamaza kama sipo.

Jumamosi nikaenda Kombewa. Baba tulimzika huko, kwao, na Mama amebaki kwenye nyumba ndogo ya matofali anayoipenda kwa sababu inaonekana ovyo, haina geti wala mlinzi. Mlango anaufunga usiku tu, kwa ajili ya mbu, ambao sasa wanamjua vizuri. Mchana kutwa uko wazi, na kuku wanapita sebuleni kama wapangaji.

Nilimweleza habari za yule kijana, nikaweka simu mezani na kipaza sauti kidogo cha kuiongezea sauti, nilichonunua njiani. Alisikiliza akichambua mboga. Ubeti wa kwanza, mikono yake iliendelea na kazi. Baba alipoingia alitabasamu, akatikisa kichwa, akasema kwa upole, "Mtu huyu." Mlango ulipoanza kugongwa, mikono ikasimama. Alikaa hivyo mpaka mwisho, na mwisho ulipopita akabaki anakitazama kile kipaza sauti kama anayesubiri kiseme zaidi.

Nikamwambia jambo la pili, lililokuja kwenye ujumbe wa kijana baada ya mimi kumjibu kuwa chombo chake ni mlango. Anataka kuutoa wimbo upya, na ana kompyuta inayoweza kumwondoa Baba. Wimbo utabaki safi, yeye peke yake na okestra, kama alivyotaka tangu mwanzo. Nilisema haraka, kama mtu anayeleta zawadi. Sikujua kwamba nilikuwa naongea kama Baba.

"Amtoe Baba yako?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Hata alama haitaonekana."

"Na mlango je?"

"Mlango atauacha. Ndio anaoupenda kuliko vyote. Anasema ni kama uko nje unapiga hodi, wimbo unaomba ufunguliwe, na wewe unagonga. Hata mimi siku ile nilifikiria hivyo."

Alichukua jani moja la mboga, akalitazama pande zote mbili, akalitupa.

"Basi wasimguse, nyathina, mwanangu," alisema. "Huyo mzee wakimtoa, watu watafikiria nilikuwa nataka kuingia."